Nani Aliyelipanda Kanisa Letu?

Parokia inapotimiza miaka hamsini au mia moja huchapisha kijitabu cha jubilei. Vijitabu hivyo hufanana sana. Ukurasa wa kwanza una picha ya mmisionari mwenye ndevu ndefu, na chini yake maelezo kwamba mwaka fulani wamisionari walifika, wakawakuta wenyeji wakiishi gizani, wakawaletea Injili, na wenyeji wakaipokea. Kisha huja orodha ya maaskofu, orodha ya majengo na shukrani kwa wafadhili. Mwenyeji wa kwanza kutajwa kwa jina mara nyingi ni yule aliyetoa kiwanja.

Nje ya milango ya kanisa yapo maelezo mengine, na vijana wetu huyasikia vyuoni na vijiweni. Huambiwa kwamba Ukristo ni dini ya Wazungu, kwamba Biblia ilitangulia na bunduki ikafuata, na kwamba babu zetu walidanganywa kama watoto. Wanaosema hivyo hudhani wanakipinga kijitabu cha jubilei. Sisi tunasema hawakipingi hata kidogo. Wote wawili wanasimulia kisa kimoja: Mzungu alitenda, Mwafrika akatendewa. Mmoja anashukuru na mwingine analaumu, lakini wote wamewaondoa wazee wetu katika habari yao wenyewe.

Tunakikataa kisa hicho. Tunakikataa kwanza kwa sababu si cha kweli, na pili kwa sababu kinalidhuru Kanisa hadi leo.

Wageni katika nchi ya watu

Tuanze na hali ya nchi ilivyokuwa. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, hapakuwa na koloni la Waingereza wala la Wajerumani huku kwetu. Ujerumani ilianza kudai nchi mwaka 1885. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888. Uganda iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1894, na nchi tunayoiita Kenya mwaka uliofuata. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 40 hivi kazi ya Injili ilifanyika katika nchi za mpakani, ambako enzi ya wageni ilikuwa haijakaa. Sultani wa Unguja alitawala miji ya pwani. Misafara ya pembe na watumwa ilipita bara. Watu walikimbia vita na utumwa wakitafuta makao mapya. Wazee na wakuu wa kila mahali ndio walioamua nani apite, nani akae na nani afukuzwe.

Katika nchi kama hiyo mmisionari hakuwa mtawala. Alikuwa mgeni, mara nyingi mgonjwa wa homa, asiyejua lugha, aliyehitaji ruhusa ya kujenga kibanda, na chakula, na mkalimani, na mtu wa kumwonyesha njia. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walikaa Rabai kuanzia mwaka 1846 kwa sababu wazee wa Rabai walikubali wakae. Kama wazee wale wangekataa, tusingekuwa na Rabai katika historia ya Kanisa.

Tazameni pia habari ya lugha. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, msaidizi wake alikuwa Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa. Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa askofu huko Unguja, alijifunza Kiswahili kwa Waswahili wenyewe. Alipotoa kitabu chake cha hadithi za Unguja mwaka 1870, aliwataja waliomsaidia, miongoni mwao Hamisi wa Kayi na Sheikh Mohammed bin Ali. Steere alikuwa muungwana kuliko vijitabu vyetu, maana yeye alitaja majina.

Sasa fikirini maneno tunayoyatamka kila Jumapili: imani, dhambi, sala, rehema, hata neno Injili lenyewe. Hakuna mmisionari aliyeyabeba katika sanduku lake kutoka Ulaya. Yalikuwa tayari vinywani mwa watu wa pwani, wengi wao Waislamu, waliozoea kuyatumia kumhusu Mungu. Neno kukomboa watu walilijua, wao walioona vitu vilivyowekwa rehani vikikombolewa na watu waliokamatwa wakikombolewa kwa mali. Mtu fulani alikaa mkekani na mtafsiri akamwambia, neno hili linafaa, lile halifai. Mtu huyo aliamua jinsi sisi tunavyomwelewa Kristo. Mtume Paulo alipomaliza Waraka kwa Warumi, yule aliyeuandika kwa mkono wake, Tertio, aliachiwa nafasi atoe salamu zake kwa jina. Akina Tertio wa Biblia yetu ya Kiswahili hawakupewa nafasi hiyo katika vijitabu vyetu.

Waliotangulia

Tunaambiwa kwamba Injili ilifika Buganda mwaka 1877, Waingereza wa kwanza wa shirika la CMS walipoingia katika jumba la Kabaka Mutesa. Tarehe ya kufika kwao ni sahihi. Lakini miaka miwili kabla yao, mwaka 1875, alikuwapo huko kijana aliyeitwa Dallington Maftaa. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa na wamisionari wa UMCA Unguja, akasafiri na msafara wa Stanley hadi Buganda. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki. Ndiye aliyemsomea Kabaka Maandiko, akayatafsiri kwa Kiswahili, na kumwandikia barua zake. Kijana aliyewahi kuuzwa kama mbuzi akawa mwalimu wa mfalme. Wamisionari walipofika, walikuta watu ambao tayari walikuwa wamesikia.

Huko huko Buganda, Sembera, mmoja wa watu watano wa kwanza kubatizwa na Waanglikana mwaka 1882, hakungoja kuitwa. Alijitengenezea wino na kalamu, akaandika barua kwa mmisionari Alexander Mackay akiomba abatizwe. Na mwaka 1888 wamisionari wote walipofukuzwa nchini, Wakristo wa Buganda walikimbilia Kabula, upande wa Nkore. Walikuwa hawana kasisi hata mmoja. Waliendelea kusoma, kufundishana na kusali. Ikiwa Kanisa lile lilikuwa la wamisionari, basi lingekufa mwaka ule. Halikufa.

Tuje kusini, upande wa Newala, katika Tanzania ya leo. Mwaka 1886 alifika Chitangali mtu aliyeitwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma shule ya Kiungani, Unguja. Sasa alirudi kwa watu wa lugha yake. Mwaka 1890 aliwekwa wakfu kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika kazi yote ya UMCA upande huu. Alikaa Chitangali kwa miaka kumi hivi. Alifungua shule, akafundisha, akazunguka kwa miguu vijiji vya Wayao, na mkuu wa mahali pale, Nakaam, akabatizwa kwa jina la Barnaba. Alipoondoka mwaka 1897 kurudi Unguja, palikuwa na Kanisa lililo hai ambalo Wazungu wachache tu walikuwa wamelitembelea.

Tujiulize, ni vijana wangapi wa kipaimara katika makanisa yetu wanaomjua Majaliwa? Wanamjua Livingstone. Wanajua hata alizikwa London. Kasisi wa kwanza mweusi wa eneo lao wenyewe hawajamsikia.

Wala tusidhani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume peke yao. Shule ya Mbweni, Unguja, ilikusanya wasichana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi wao waliolewa na walimu waliokwenda bara, na huko wao ndio walioendesha nyumba ambamo wanawake wa kijiji waliingia kwanza kuona Mkristo anaishije. Kanisa lilianzia jikoni kwao kabla halijaanza madhabahuni. Majina yao yameandikwa kwa uchache kuliko hata ya waume zao.

Rabai na Fuladoyo

Iko habari moja ambayo peke yake ingetosha kuvunja kile kisa cha Mwafrika aliyetendewa.

Mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani wakasomeshwa India, karibu na Nasik. Watu waliwaita Waafrika wa Bombay. Miongoni mwao walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David. Miaka kumi baadaye CMS ilianzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliotekwa baharini na manowari za Uingereza. Hao walikuwa huru kisheria. Lakini kulikuwa na kundi jingine: watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Hao kisheria walikuwa bado mali ya watu. Sera ya wakubwa ilikuwa kwamba misheni isiwapokee, ili pasitokee ugomvi na wenye mashamba wala na Sultani.

Wakristo Waafrika walifanya nini? Waliwapokea. Rabai, chini ya uangalizi wa William Jones, ilijaa watoro. Katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya Takaungu na Malindi, palitokea kijiji kizima cha watoro kilichoitwa Fuladoyo. Hakikujengwa na mmisionari. Kilijengwa na watu waliokimbia minyororo na Wakristo wenyeji waliowafundisha kusali. Kiongozi wao alikuwa David Koi. Hapakuwa na bendera ya nchi yoyote ya Ulaya ya kuwalinda. Mwaka 1883 David Koi aliuawa na maadui wa kijiji kile. Kuna wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa la Kenya. Alikufa miaka miwili kabla ya Askofu James Hannington, ambaye jina lake liko katika kalenda yetu.

Mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza ilipokuja kushika utawala wa pwani, ilikuta jambo limekwisha kufanyika. Watoro zaidi ya 1,400 walikuwa wakiishi katika vijiji vya misheni na hapakuwa na njia ya kuwarudisha bila damu kumwagika. Msimamizi wa Kampuni, George Mackenzie, aliwalipa mabwana fidia, na watoro wakapewa hati za uhuru. Vitabu vingi humsifu Mackenzie. Sisi hatumnyimi sifa yake. Lakini fedha zake zilifuata uamuzi ambao Wakristo weusi waliutoa miaka mingi kabla, kinyume cha maagizo, kwa kuwa walijua wenyewe maana ya kuwa mtumwa. Wao ndio walioisukuma dola, na dola ikafuata.

Hannington naye tumtaje kwa heshima. Mwaka 1885 aliwaweka wakfu Jones na Semler kuwa mashemasi. Miezi michache baadaye aliondoka kwenda Buganda, na Jones akiwa pamoja naye. Walipofika kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias, Askofu alitangulia na wapagazi 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Mwezi Oktoba Hannington aliuawa Busoga, na karibu wapagazi wote aliokuwa nao waliuawa pia. Jones aliupokea msiba ule, akaurudisha msafara hadi Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886, mbele yao ikipepea bendera yenye neno Ikabodi, kwamba utukufu umeondoka. Tunamkumbuka Askofu kila mwaka tarehe 29 Oktoba, na ni vema. Lakini wale wapagazi waliokufa naye walikuwa watoto wa nani? Mama zao waliambiwa nini? Shemasi Jones aliyewarudisha waliobaki, mbona hatumtaji hata siku hiyo moja?

Pingamizi tunazozisikia

Wapo watakaosema: ninyi hamna shukrani. Bila wamisionari msingekuwa na Injili. Tunajibu kwamba shukrani haihitaji uongo. Rosine, mke wa Krapf, alizikwa Mombasa pamoja na mtoto wao mchanga mwaka ule ule wa 1844 waliofika. Rebmann alikaa huku karibu miaka 30, akaondoka kipofu. Hatuwezi kuyadharau makaburi yale. Lakini kumshukuru aliyeleta mbegu si sababu ya kumfuta aliyelima, aliyepalilia na aliyelinda shamba usiku. Tena Matendo ya Mitume yenyewe yanatufundisha. Kanisa la Antiokia, mahali ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, halikuanzishwa na Petro wala Paulo. Lilianzishwa na wakimbizi, watu wa Kipro na wa Kirene, na Kirene iko Afrika. Barnaba alipotumwa kutoka Yerusalemu hakusema yeye ndiye aliyelianzisha. Aliiona neema ya Mungu imetangulia, akafurahi.

Wapo watakaosema: haya ni majivuno ya rangi, na Kristo hana Myahudi wala Myunani. Pingamizi hili ni zito zaidi, na jibu lake si la kupendeza.

Tukikubali kwamba wazee wetu walilijenga Kanisa kwa hiari yao, basi tumekubali pia kwamba makosa mengine ya Kanisa lile ni yao, si ya Mzungu peke yake. Wakristo wa Buganda waliosali pamoja ugenini Kabula walirudi nchini kwao wakagawana vyeo kwa madhehebu. Mwezi Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki pale Mengo, na Kapteni Lugard akawapa silaha Waprotestanti. Katika vita hiyo aliuawa Sembera, yule yule aliyeandika barua akiomba ubatizo. Aliuawa na Wakristo wenzake. Semei Kakungulu, Mganda Mprotestanti, aliziteka nchi za mashariki mwa Uganda kwa manufaa ya Waingereza na yake mwenyewe, na watu wa huko walimwona Mganda kuwa ndiye mkoloni wao. Katika pwani, Wakristo waliozaliwa huru waliwadharau wenzao waliotoka utumwani wakawaita mateka, na majina ya namna hiyo hayakwisha upesi. Na kabla ya hayo yote, watumwa wale hawakukamatwa na Waarabu peke yao. Wako waliouzwa na majirani zao.

Kijitabu cha jubilei hakiwezi kuyasema haya, kwa sababu mtu asiyetenda hawezi kutenda dhambi. Ukimfanya babu yako mtoto asiye na akili, umemwondolea sifa na umemwondolea hatia pamoja. Sisi tunawadai wazee wetu kama watu wazima. Tunataka sifa ya David Koi na tunakubali aibu ya Mengo. Hayo si majivuno. Majivuno huchagua, toba haichagui.

Kwa wale wasemao kwamba hii ni dini ya Wazungu, tuna swali moja tu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Boga mwaka 1896, ukingoni mwa msitu wa Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa kwa sababu Mkuu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo alilima mwenyewe, akabaki. Alishitakiwa kwa kifo cha dada wa mkuu kilichotokana na ajali, akapelekwa Toro akafungwa na Waingereza. Alipofunguliwa alirudi kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akabatizwa. Wakoloni walipochora mpaka wao, Boga ikawekwa upande wa Kongo, lakini Apolo hakuuacha mji kwa ajili ya mstari wao. Aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wote waliwadharau. Alipokaribia kufa, mwaka 1933, aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa haijafika. Hata leo Kanisa Anglikana la Kongo likitaja chanzo chake hutaja Boga. Swali letu ni hili: katika habari hiyo yote, Mzungu alimtuma nani, na kumdanganya nani?

Kwa nini jambo hili ni la leo

Msomaji anaweza kuuliza, ya zamani yamepita, kuna haja gani ya kuyafufua? Haja iko, na tunaiona kila wiki.

Kanisa linaloamini kwamba lilipokea kila kitu hujifunza kungoja. Paa likivuja, linaandika barua Ulaya au Marekani. Likitaka kuanzisha mtaa mpya, linauliza mfadhili yuko wapi. Wakristo wa Fuladoyo hawakuwa na mfadhili. Walikuwa na mihogo, na Neno, na hofu ya kukamatwa, nao walijenga. Sisi tuna barabara, simu na akaunti ya benki, na tunasema hatuwezi.

Tena Kanisa lisilotaja majina ya wajenzi wake wa zamani halitawatambua wa leo. Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Katika dayosisi zetu kasisi mmoja huwa na mitaa mitano, minane, hata zaidi. Anafika mtaa mmoja mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi miwili. Siku nyingine zote nani anaendesha ibada? Nani anazika maiti saa nane mchana mvua ikinyesha? Nani anafundisha watoto wa ubatizo, anaamua ugomvi wa wana ndoa, anakaa na mgonjwa hospitalini? Ni mwinjilisti, ni katekista, ni mama kiongozi wa kikundi cha akina mama. Wengi wao hawana mshahara. Wengine hupewa kitu kidogo kwenye sikukuu ya mavuno, na hata hicho huchelewa. Akifa, hupewa risala fupi na shuka jeupe. Jubilei ikija, kijitabu kitaandika jina la Askofu aliyeweka jiwe la msingi, jina la mgeni rasmi na jina la shirika lililotoa mabati. Jina la mwinjilisti aliyeanza kuwakusanya watu chini ya mwembe miaka 20 kabla ya mabati hayo halitakuwamo.

Lile lililowapata wale wapagazi wa Hannington linawapata watu hao mbele ya macho yetu, na safari hii hakuna Mzungu wa kumlaumu. Wanaohariri kijitabu ni watoto wa parokia.

Kwa hiyo tunadai mambo ambayo hayahitaji fedha za mtu yeyote.

Kila parokia ifungue daftari zake za ubatizo za zamani, isome majina ya wadhamini na walimu, na iandike habari zao wazee wanaokumbuka wakiwa bado hai. Wazee hao wanaondoka kila mwaka, na kila mazishi ni maktaba inayofungwa.

Somo la kipaimara liwe na sura moja juu ya watu walioleta Kanisa mahali pale, kwa majina yao, pamoja na makosa yao. Kijana anayejua kwamba babu wa babu yake alikuwa mwalimu wa Injili kabla ya mkuu wa wilaya wa kwanza kufika hatababaishwa na mtu wa kijiweni.

Halmashauri za parokia ziweke posho ya mwinjilisti katika makisio ya mwaka kabla ya rangi ya ukuta na kabla ya kitambaa cha madhabahu. Asiyeweza kulipa kingi alipe kidogo, lakini akilipe kwa wakati, kama deni na si kama sadaka.

Na jubilei ijayo, kabla hatujamwalika mgeni rasmi, tuulize ni nani aliyeanza. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi, alitaja watu zaidi ya 20 kwa majina: Fibi mhudumu wa kanisa, Priska na Akila waliohatarisha shingo zao, Mariamu aliyefanya kazi nyingi. Hakuona kwamba majina hayo yanapunguza utukufu wa Kristo. Kanisa lililokuwa tayari kuandika majina ya watu wa kawaida katika Maandiko Matakatifu haliwezi kushindwa kuyaandika katika kijitabu cha kurasa 40.